Safari ijayo, mchukueni na Bibi



Kila likizo ya Juni inapokaribia, nyumba zetu nyingi huingia katika mazungumzo yale yale: watoto wapelekwe wapi? Wenye uwezo hutaja Zanzibar na Mji Mkongwe wake, Kilwa Kisiwani na magofu ya msikiti wake mkuu, au Bagamoyo, ambako jirani yake, Kaole, yamesimama mabaki ya misikiti ya karne ya 13. Ni kweli kwamba huko kuna mengi ya kuona, na Muislamu anayefika huko hurudi na moyo uliojaa. Lakini sisi tunaoishi Izigo, wilayani Muleba, tumetenganishwa na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Nauli ya watu sita kwenda na kurudi ni mzigo ambao baba wa kawaida haubebi. Basi mazungumzo huishia hapo, na watoto humaliza likizo yao mbele ya runinga au wameinamia simu.

Mwaka huu mke wangu alikataa yaishie hapo. Alisema, “Baba watoto, tunalilia bahari ya wenzetu na Ziwa liko mlangoni. Watoto hawa wamejifunza habari za Kilwa vitabuni, lakini waulize ni nani aliyeuanzisha mji wa Bukoba, uone kama watakujibu.” Nilinyamaza, kwa sababu hata mimi jibu langu lilikuwa nusu.

Tukakubaliana juu ya safari ya siku moja: kutoka Izigo asubuhi, kupita Muhutwe na Kemondo, kufika Bukoba mjini, kuona majengo ya kale na ufukwe wa Ziwa, kisha kurudi kabla ya giza. Jirani yetu, Allah amlipe kheri, alituazima Noah yake kwa sharti la kujaza mafuta tu. Vyakula tulivipika nyumbani. Waliobaki kuamuliwa walikuwa wasafiri wenyewe, na hapo ndipo kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, aliposema, “Na Bibi naye aende.”

Bibi huyo ni mama yangu mzazi, tunayeishi naye. Ni mtu wa maneno machache, anayependa kukaa kibarazani na tasbihi yake. Alipoulizwa, alikataa. Alisema magoti yanamuuma, na kwamba Bukoba aliiona zamani ikamtosha. Mtoto hakukubali. Alimng'ang'ania siku mbili, hata mama akasema, “Haya, nitakwenda. Lakini tusisimame-simame njiani.” Mimi nilidhani ni habari ya magoti.

Tembeeni muone

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri na dua ya kupanda chombo, dua ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua lakini wengi wetu huikumbuka tu tunapokwenda mbali. Njiani niliwakumbusha watoto kwamba Qur'ani, katika sura zaidi ya moja, inawahimiza wanadamu kutembea katika ardhi na kuutazama mwisho wa waliokuwa kabla yao. Katika Suratur-Rum Allah (s.w.) anatukumbusha watu waliokuwa na nguvu kutuzidi, waliolima na kujenga kuliko sisi, kisha wakaondoka. Kwa hiyo kutazama nyumba kongwe si upuuzi wala kupoteza pesa, mradi mtazamaji arudi na mazingatio.

Kijana wetu wa kati, ambaye mwaka huu amehitimu juzuu mbili na anajiona ni shekhe, akauliza, “Baba, basi leo tutaswali kasri?” Nikataka kumjibu ndiyo, kwa kuwa tuko safarini. Mama yake akaniwahi. Akamweleza kuwa kwa madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, yaani kilomita zaidi ya 80 kwa kwenda peke yake, bila kujumlisha kurudi. Kutoka Izigo hadi Bukoba hatufiki huko. “Kwa hiyo ni safari, ila ni safari fupi, na Adhuhuri ni rakaa nne.” Kijana alikubali kwa shingo upande. Nimeitaja hapa kwa sababu nimeona wazazi wengi wakikosea jambo hili wanapokwenda matembezini. Asiye na hakika amuulize mwalimu wa madrasa kabla ya kuondoka, wala haya asione.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri. Vibanja vya migomba na mibuni vilipokezana na rweya, yale majani yaliyotandaa vilimani, na mara kwa mara Ziwa lilichungulia kwa mbali upande wa kulia, likang'aa kama sinia. Wazee wetu Wahaya huliita Rweru. Niliwaambia watoto kuwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na kuwa linagawanywa na nchi tatu. Walipoona bango la Kemondo walishangilia, wakataka tushuke bandarini tukatazame meli.

Mama akasema, kwa sauti ndogo, “Tuendelee, mwanangu.”

Nilimtazama katika kioo. Alikuwa amegeuza uso upande wa pili wa barabara, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu tasbihi kwa haraka. Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka kabla hatujaondoka. Nikakanyaga mafuta. Watoto walinung'unika kidogo, kisha wakasahau.

Mji na waliodhani ni wao

Bukoba humpokea mgeni kwa kumshusha. Unatoka vilimani, mara mji wote unauona chini yako, na mbele yake Ziwa na kisiwa cha Musira. Tulikwenda moja kwa moja upande wa ufukweni, yalipo majengo ya zamani. La kwanza tulilolitazama ni lile linaloitwa Duka Kubwa, jengo la enzi ya Wajerumani linalohesabiwa kuwa ndilo duka kubwa la kwanza mjini hapa. Watoto waliligusa ukuta na kushangaa kuwa duka nalo linaweza kuwa historia.

Hapo ndipo swali la mke wangu lilipopata jibu. Mji wa Bukoba kama kituo cha serikali ulianzishwa mwaka 1890 na mtu aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha. Kifungua mimba wetu, binti wa kidato cha pili, akadaka jina hilo mara moja: “Emin? Alikuwa Muislamu?” Swali zuri, na ni haki kulijibu kwa uadilifu. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, katika familia ya Kiyahudi, katika mji wa Oppeln ambao leo umo Poland. Alisomea utabibu, akahudumu katika dola ya Uthmaniya, akajiita Mehmed Emin, na baadaye akawa gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan kwa niaba ya Misri. Mwishoni alifanya kazi ya Wajerumani, na ndipo alipofika kwetu. Aliuawa Kongo mwaka 1892. Alilichukua jina la Kiislamu na aliishi miongoni mwa Waislamu. Yaliyokuwa moyoni mwake yako kwa Mola wake. Nikamwambia binti yangu kwamba jina si ushahidi wa imani, bali ni amana ambayo mwenyewe ataulizwa aliibebaje, na amana hiyo hiyo tunayo sisi tulioitwa Abdallah na Fatma tangu siku ya akika.

Karibu na hapo kuna makaburi ya Wajerumani. Tuliyatazama tukiwa tumesimama kwa adabu. Utawala wao hapa Bukoba ulidumu miaka 26 tu, kutoka 1890 hadi 1916. Mwezi kama huu wa Juni, mwaka 1915, tarehe 22 na 23, majeshi ya Waingereza yalivuka Ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakaushambulia mji, yakaichoma ngome na kuivunja mitambo ya redio ya Wajerumani, na mji ukaporwa. Kisha wakarudi walikotoka, na mwaka uliofuata wakaja kukaa. Nao pia wameondoka. Kijana wangu wa juzuu mbili alitulia kwa muda, akasema, “Baba, hii si ndiyo ile aya ya Suratur-Rum?” Nikahisi kuwa mafuta ya gari yamekwisha kulipwa.

Ukoo wetu katika dini

Tuliswali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia mjini, rakaa nne kamili. Baada ya swala tulikaa nje kivulini tukala tulichobeba, ndizi na samaki, na watoto wakauliza swali ambalo sikulitarajia: Uislamu wenyewe ulifikaje huku, mbali namna hii na Pwani?

Niliwaambia ninayoyajua. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika hadi Karagwe, wakaweka kituo chao mahali panapoitwa Kafuro, kwa idhini ya watawala wa huko. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika hata katika ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, na zaidi ya miaka 30 baadaye Mzungu Stanley alimkuta bado anaishi Kafuro. Walikuja kwa ajili ya pembe za ndovu, na, tusifiche, kwa ajili ya watumwa pia. Hilo ni doa, na Muislamu hasemi uongo hata juu ya wazee wake. Lakini pamoja na bidhaa zao zilikuja swala, herufi za Kiarabu na lugha hii tunayoandikia. Kwa njia hiyo, na kwa njia ya majirani zetu wa Buganda, dini ilipenya katika vibanja vya Wahaya nyumba kwa nyumba.

“Na kwetu ilianzia kwa nani?” akauliza binti.

Nikageuka kumtazama mama. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mama alizungumza kwa kirefu. Alisema kwa upande wake aliyesilimu kwanza ni baba wa babu yake, kijana aliyekuwa mpagazi, aliyeondoka nyumbani na jina la Kihaya akarudi na la Kiislamu. Mkewe alikataa kumfuata kwa miaka kadhaa, kisha akaja mwenyewe, baada ya kuona kuwa mumewe ameacha pombe na hampigi tena. Watoto walicheka. Mimi sikucheka. Nina umri wa zaidi ya miaka 40, na habari hiyo ya nyumbani kwetu nilikuwa ninaisikia kwa mara ya kwanza, nje ya msikiti, kwa sababu mtoto wa miaka 15 aliuliza.

Mchana tulikwenda Nyamukazi, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kwenye makumbusho madogo ya Kagera. Kuna picha za wanyamapori wa mkoa wetu na vifaa vya kale vya Wahaya. Humo mwongozaji akawa mama. Alitueleza jinsi msonge unavyoezekwa nyasi kuanzia juu hadi chini, jinsi gome la mti linavyopondwa hadi likawa nguo, na kila chombo kilishikwaje. Aliyekataa kuja kwa sababu ya magoti alisimama zaidi ya saa nzima. Kisha watoto walikimbia ufukweni, wakaloweka miguu, wakaokota kokoto. Tulipotazama uwanja wa ndege ulivyokaribiana na maji, tukaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani hapo hapo na watu 19 wakafariki, na wavuvi wa hapa wakawa wa kwanza kuwafikia manusura kwa mitumbwi yao. Tukawaombea waliofariki, na tukawaombea kheri wavuvi wale.

Mama alisikiliza dua yote. Akasema “Amin” kwa sauti iliyotutangulia sote.

Kemondo

Wakati wa kurudi, baada ya Alasiri, gari likiwa linakaribia Kemondo, mama aliniita kwa jina langu la utotoni. Akasema, “Punguza mwendo. Tushuke kidogo.”

Hatukuingia bandarini. Tulisimama mahali ambapo Ziwa linaonekana. Mama alishuka polepole, akaegemea bega la mke wangu, akatazama maji kwa muda mrefu. Kisha aliwaita watoto, akawaeleza jambo ambalo mimi nilikuwa nalo kwa vipande tu, kwa sababu wakati huo nilikuwa shule ya msingi, na baada ya hapo nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kulitaja.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba wangu. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 alimsindikiza hapa Kemondo kupanda meli ya MV Bukoba kwenda Mwanza. Alikuwa na mikungu ya ndizi ya kuuza, na alimwahidi dada yake kumletea doti ya kanga. Yeye mama alimpa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ili asisinzie njiani. Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumanne, meli hiyo ilizama ikiwa karibu na Mwanza, ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na mamia ya abiria wakapoteza maisha. Mjomba alisafiri daraja la tatu, na abiria wa daraja hilo hawakuwa na orodha. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kuwa alikuwamo. Mwili wake haukutambuliwa. Wengi wa wasiotambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza, na huenda naye yuko huko, au yuko ziwani. Allah ndiye ajuaye.

“Sisi huwazika watu wetu kibanjani,” mama alisema. “Baba yangu yuko pale, mama yangu yuko pale, kila siku ninawapita nikawasalimia. Yeye tu ndiye sina pa kumsalimia. Ndiyo maana sikutaka kupaona hapa.”

Kitinda mimba alimshika mkono akamuuliza jina la mjomba huyo. Mama akalitaja. Ni jina ambalo nilikuwa sijalisikia likitoka kinywani mwake kwa karibu miaka 30.

Sikuwa na maneno mengi ya kusema. Nilimkumbusha lile ambalo sote tulifundishwa na tunalisahau siku ya msiba: kwamba katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuzama majini miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyeangukiwa na jengo. Kaburi lisilojulikana kwetu halijapotea kwa Mola wake. Na dua haihitaji kaburi. Tukanyanyua mikono hapo hapo kando ya barabara, pikipiki zikitupita, tukamuombea mjomba kwa jina lake, na wote waliokuwa pamoja naye. Mama alilia, kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema ana njaa. Tangu tuondoke asubuhi alikuwa hajala zaidi ya kipande kimoja cha ndizi.

Nyumba ya kwanza ya kutembelewa

Tulifika Izigo Magharibi ikikaribia. Kwenye uwanja wetu kuna nyumba ya zamani ya marehemu babu, ambayo ukuta wake wa nyuma ulipasuka katika tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, zikiwa zimebaki siku chache kufika Idi el-Hajj. Wasomaji wa Kagera mnaikumbuka alasiri ile, nyumba zilivyoporomoka na Waislamu wengi walivyoswali Idi wakiwa wamelala nje. Tangu hapo nyumba hiyo haikaliwi na mtu, na mimi nilikuwa nimeshapanga kuibomoa mwaka huu ili nipate mahali pa banda la mifugo.

Watoto waliposhuka garini, hawakuingia ndani. Walikwenda kusimama mbele ya nyumba ya babu kama walivyosimama mbele ya Duka Kubwa. “Baba, hii nayo aliijenga nani, na mwaka gani?” Nikajibu, “Muulizeni Bibi.”

Nyumba huenda bado itabomolewa, maana ukuta wake ni hatari, na kuhifadhi uhai ni wajibu kuliko kuhifadhi udongo. Lakini haitabomolewa kabla binti hajaandika katika daftari yote anayoyajua bibi yake juu ya nyumba hiyo: aliyeijenga, waliozaliwa humo, chumba ambamo mjomba alisomea Qur'ani kwa taa ya chemli. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo tayari una majina, na jina la mjomba limo. Orodha ambayo meli haikuwa nayo, nyumba yake sasa inayo.

Ndugu msomaji, naomba niyakusanye machache tuliyojifunza, kwa ajili ya familia zitakazopenda kufanya safari ya namna hii.

Kwanza, usingoje uwezo wa kwenda mbali. Allah akijaalia utafika Kilwa na Zanzibar, lakini anza na ulipo. Kwa wa Muleba na Bukoba, bado kuna Kanazi, alikotawala Omukama Kahigi wa Kyanja aliyefariki mwaka 1916, na kwa safari ya siku mbili kuna Karagwe, kulikokuwa Kafuro na ikulu ya Rumanyika huko Bweranyange. Wa mikoa mingine nanyi mnayo yenu.

Pili, panga swala kabla ya kupanga chakula. Jua utaswalia wapi Adhuhuri na Alasiri, na jua hukumu ya masafa yako. Mtoto anayeona ratiba ya matembezi imejengwa juu ya nyakati za swala hujifunza jambo ambalo mawaidha kumi hayamfundishi.

Tatu, ongeza maswali na punguza picha. Simu zetu zilirudi na picha chache siku hiyo. Unapoingia katika nyumba au kibanja cha watu, omba ruhusa, na usiache takataka.

Nne, nalo ndilo lililonifanya niandike: mchukueni mzee. Msimwache nyumbani kwa kisingizio cha magoti yake, wala msimlazimishe kusimama asipotaka kusimama. Mpeni kiti cha mbele, mwende kwa mwendo wake, mnyamaze anaponyamaza. Mimi kwa miaka mingi nilidhani kutomuuliza mama juu ya mdogo wake ni kumhurumia. Sasa ninaona kuwa kwa sehemu kubwa nilikuwa ninajihurumia mimi, nisiyaone machozi yake. Amri ya kuwatendea wazazi wema imo ndani ya Qur'ani ikifuatana na amri ya kumpwekesha Allah, na katika wema huo kuna kuwasikiliza. Mzee akiondoka na habari zake, hakuna makumbusho yatakayoturudishia.

Wiki iliyopita mama alimuuliza mke wangu kama jirani bado ana ile Noah. Amesema Idi ijayo, akiwa hai, angependa kufika Igoma.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.